Kwa Amri, kwa Posho au kwa Wenyeji Wenyewe: Njia Tatu za Kuwashirikisha Wakazi Wakati wa Mlipuko wa Ebola

Mlipuko wa ugonjwa hatari unapotangazwa, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, mzee wa ukoo, imamu, katekista na mhudumu wa afya ya jamii huwa na siku chache tu za kuamua wakazi wao wataingiaje katika mapambano hayo: kama watu wa kuamrishwa, kama watu wa kulipwa ili watekeleze kazi iliyopangwa na wengine, au kama wenye mji ambao maamuzi yanapitia mikononi mwao. Mara nyingi uamuzi huo haufanywi kwa makusudi. Wageni wa kwanza kufika na magari na mavazi ya kujikinga huja na njia yao, njia hiyo ndiyo inayofuatwa, na kosa la juma la kwanza hulipiwa kwa miezi. Mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, umekwisha kupata mara mbili mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba na mwaka 2025 huko Biharamulo, na mipaka ya Kongo na Uganda, Rwanda na Burundi huvukwa kila siku na wafanyabiashara na ndugu wanaotembeleana. Kwa hiyo nimeona inafaa njia hizo tatu zipimwe sasa, wakati ambapo kuna utulivu wa kufikiri.

Nimechagua kuzipima kwa Ebola. Ugonjwa huu huambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na kwa hiyo hupita palepale ambapo upendo hupita: katika kumlisha mgonjwa, kumfuta jasho, kumwosha marehemu na kumgusa kwa mara ya mwisho. Jamii hujitambulisha kwa jinsi inavyowauguza na kuwazika watu wake, na mtu akiguswa hapo ameguswa katika utu wake. Mpango wowote wa kukabili Ebola usiolijua jambo hili utapambana na wakazi kabla haujapambana na ugonjwa.

Njia ya amri

Mfano unaotajwa mara nyingi ni West Point, mtaa maskini uliosongamana kwenye rasi iliyoingia baharini mjini Monrovia, Liberia. Agosti 2014 serikali ilifungua kituo cha kuwatenga wagonjwa ndani ya shule ya mtaa huo bila kukubaliana na wakazi, na wagonjwa kutoka sehemu nyingine za mji wakaanza kuletwa humo. Wakazi walijiuliza kwa nini ugonjwa wa mji mzima uletwe mlangoni pao. Tarehe 16 Agosti kundi la watu lilikivamia kituo, wagonjwa wakatoroka, na magodoro waliyolalia yakabebwa hadi majumbani. Siku 4 baadaye, alfajiri, askari waliuzingira mtaa kwa seng'enge, chakula kikapanda bei mara moja, na katika purukushani za siku ya kwanza kijana wa miaka 15 alipigwa risasi akafa. Karantini iliondolewa tarehe 30 Agosti, siku 10 tu baada ya kuwekwa.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba amri haifai kabisa, lakini hitimisho hilo lingekuwa na haraka. Katika nchi jirani ya Sierra Leone, machifu wakuu walitunga sheria ndogo za Ebola mwaka huohuo wa 2014: kumficha mgonjwa ni kosa, kumzika mtu bila kutoa taarifa ni kosa, kumpokea mgeni bila kumjulisha mzee wa kijiji ni kosa, na kila kosa lilikuwa na faini yake. Hizo nazo zilikuwa amri, na zilikuwa kali. Tofauti ni kwamba aliyezitoa ni mtu ambaye wakazi walimjua, ambaye babu zao waliwahi kuwapelekea babu zake mashauri ya mashamba na ndoa, na ambaye angeendelea kuishi nao baada ya ugonjwa kwisha. Amri ikitoka kinywani mwa mwenyeji husikika kama katazo la mzazi, na watu walikubali kwayo mambo ambayo wasingeyakubali kwa bunduki.

Uganda ilitoa funzo la namna nyingine mwaka 2022. Mlipuko wa Ebola aina ya Sudan, ambao haukuwa na chanjo iliyoidhinishwa, ulitangazwa wilayani Mubende tarehe 20 Septemba, na kuanzia katikati ya Oktoba Rais Museveni aliamuru wilaya za Mubende na Kassanda zifungwe. Amri hiyo ilirefushwa hadi Desemba, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, ukiwa umewapata watu 164, wakiwemo 22 ambao ugonjwa wao haukuthibitishwa maabara. Magari yalizuiwa, na watu waliokuwa wakisafiri na ugonjwa walipungua. Hata hivyo huko Kassanda maiti iliyokwisha kuzikwa na kikosi cha mazishi salama ilifukuliwa na watu wake ili itendewe ibada za dini yake, na baadhi ya waliohusika wakaambukizwa. Hakuna kizuizi cha barabarani ambacho kingezuia jambo hilo. Kilichokosekana ni mazungumzo kabla ya kaburi kufukiwa, na inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu mazishi ya Ebola ulikuwa umeonyesha jinsi ya kumfanyia marehemu Mwislamu tayamamu badala ya kumwosha kwa maji, na kumvika sanda, pasipo wazikaji kuhatarisha maisha yao.

Basi amri ina uwezo mkubwa barabarani, sokoni, mpakani na katika mikusanyiko. Ikifika kwenye kizingiti cha nyumba nguvu zake huisha, kwa sababu mwenye nyumba akiogopa kuchukuliwa ndugu yake atamficha, na mgonjwa aliyefichwa ni hatari kuliko mgonjwa anayetembea hadharani.

Njia ya posho

Njia hii ndiyo inayopendwa na mashirika, na ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa kuwa huonekana kama ushirikishwaji na huitwa hivyo katika taarifa. Wataalamu hupanga kila kitu, kisha huajiri wakazi wakatangaze kwa vipaza sauti, wafuatilie waliotangamana na wagonjwa, wanyunyizie dawa nyumba na wachimbe makaburi. Wakazi wanashiriki kwa mikono na miguu, lakini hawaulizwi lolote.

Kivu Kaskazini na Ituri, majimbo ya mashariki mwa Kongo, ndiko njia hii ilikojaribiwa kwa kiwango kikubwa kuliko popote. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukianzia Mangina, karibu na Beni, ukadumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na ulipokwisha watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa tangu Ebola ijulikane. Kwa upande wa tiba, wakazi walipewa mambo ambayo Afrika Magharibi iliyapata kwa majaribio tu: chanjo ambayo watu zaidi ya 300,000 waliipokea, na baadaye dawa. Kwa nini basi ulichukua karibu miaka miwili?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya watu wenyewe. Beni na Butembo ni miji ya Wanande kwa sehemu kubwa, watu waliojenga biashara yao kwa jasho lao mbali na Kinshasa, na ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakizika ndugu waliochinjwa kwa mapanga katika vijiji vya kandokando ya Beni. Kwa miaka hiyo yote walilia na hawakuona misafara ya magari. Ebola ilipofika, misafara ilikuja kwa siku chache, ikiwa na wataalamu wengi wasiojua Kinande wala Kiswahili cha huko, ikisindikizwa na askari. Swali la wakazi lilikuwa la haki kabisa: mbona tulipokufa kwa panga hamkuja? Utafiti uliofanywa Septemba 2018 kwa kuwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulionyesha kwamba mmoja kati ya kila wanne hakuamini kuwa Ebola ipo, na kwamba chini ya theluthi moja waliwaamini viongozi wa mahali pao kuwa wanatetea maslahi yao. Wasioamini walikuwa wazito zaidi kuikubali chanjo na kutafuta matibabu.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba. Tarehe 26 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba upigaji kura Beni na Butembo utaahirishwa hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Kwa mkazi wa Beni maana yake ilikuwa wazi kwamba ugonjwa umetumika kumpokonya kura. Kesho yake waandamanaji walikivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini humo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya siku chache, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu huko Butembo. Alikuwa amekuja kuokoa maisha ya watu asiowajua, na kifo chake hakina udhuru wowote. Lakini anayetaka kifo cha namna hiyo kisirudiwe hana budi kuuliza imekuwaje watu wa mji wakaamini kwamba timu za Ebola, waliozoea kuziita Riposte, ni mradi wa watu wengine wa kutafutia pesa. Magari ya kukodi yalipita kutwa, vijana wachache wenye ujamaa na wakubwa walipata kazi, wengine hawakupata, na neno "biashara ya Ebola" likaenea hadi masokoni.

Posho yenyewe si dhambi. Mtu anayehatarisha maisha yake anastahili kulipwa, tena kwa wakati, na historia inaonyesha gharama ya kumpuuza: Novemba 2014 mjini Kenema, Sierra Leone, wazikaji waliocheleweshewa posho waliziacha maiti nje ya hospitali ili kilio chao kisikike. Kosa la njia hii ni kuufanya ujira uwe badala ya sauti. Mhamasishaji anayelipwa kusema jambo ambalo hakushiriki kuliamua hukosa la kujibu jirani anapomuuliza swali gumu, na jirani huona mara moja kwamba anaongea na kibarua.

Namna Kivu ilivyojirekebisha inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mabadiliko yaliyofaa yalitokana na malalamiko ya wakazi wenyewe. Watu walisema kwamba mifuko ya maiti ina mawe au magogo, na kwamba marehemu wamekatwa viungo. Badala ya kuwakemea kuwa ni wajinga, Msalaba Mwekundu, ambao wafanyakazi wake wa kujitolea walikuwa wakiandika maneno ya watu siku baada ya siku, ulileta mifuko inayoonyesha ndani ili familia iuone uso wa mtu wao kabla ya kumzika. Shirika la tiba la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa alilala akiwaona wanawe na wao wakimwona, na muuguzi akamhudumia kwa kupitisha mikono katika glavu zilizoshikizwa ukutani. Watu walisema pia kwamba malaria inawaua watoto wao zaidi kuliko hiyo Ebola, na kuanzia mwishoni mwa Novemba 2018 ikafanyika kampeni ya kugawa dawa za malaria iliyolenga watu 450,000 katika eneo la Beni. Waliopona Ebola waliajiriwa katika vituo vya kulelea watoto kando ya vituo vya matibabu, na kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga, waliweza kuwabeba na kuwalisha vichanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hao nao walipokea ujira. Lakini walikuwa wana wa mji, wakifanya kazi ambayo kila mtu mjini aliona thamani yake, na ushuhuda wao kwamba mtu huingia kituoni na kutoka mzima ulikuwa na uzito ambao kipaza sauti hakina. Agosti 2019 majaribio ya dawa 4 yaliyofanyika hukohuko yalipoonyesha kwamba 2 kati yake zinaokoa wengi zaidi, walikuwapo watu wa kuipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba na ikaaminika.

Njia ya wenyeji wenyewe

Mfano ulio bora kabisa niujuao ni wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na umekaa miaka mingi bila kupewa nafasi unayostahili. Mlipuko wa huko ulitangazwa Oktoba 2000 ukaisha Februari 2001, watu 425 waliugua na 224 wakafa, miongoni mwao Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000 baada ya kuambukizwa katika kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Ilikuwa ni wakati wa vita, na Waacholi wengi walikuwa wamehamishiwa makambini.

Watu wa nje walitazamia kwamba desturi ndizo zitakazokuwa tatizo, na kwa upande mmoja hawakukosea. Katika mazishi ya kawaida ya Waacholi, shangazi wa marehemu upande wa baba huuosha mwili na kuutayarisha, waombolezaji hunawa katika bakuli moja, na kila mtu humgusa marehemu usoni kwa kumuaga. Kwa Ebola hakuna mambo ya hatari kuliko hayo. Lakini wanaanthropolojia waliowasikiliza wazee waligundua kwamba desturi hiyohiyo ina mlango wa pili. Waacholi huamini kuwapo kwa gemo, roho mbaya ijayo ghafla na kuwaua watu wengi kwa mfululizo, na wazee wakikubaliana kwamba kilichoingia ni gemo, kanuni za siku za kawaida husimama na kanuni nyingine hushika nafasi.

Kanuni hizo zasema hivi. Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo umbali wa mita 100 hivi kutoka nyumba nyingine, na hatembelewi. Anayemlisha na kumhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona, na akikosekana ni mzee. Mlangoni husimamishwa matete mawili marefu, moja kila upande, ili apitaye ajue, na kijiji kilichoingiliwa huweka matete yake njiani kuwaonya wageni. Watu hawatembeleani kati ya kijiji na kijiji, ngoma hazichezwi, wenye ndoa hujizuia, wajawazito na watoto hulindwa zaidi ya wengine, na katika kila nyumba maneno makali hukatazwa. Aliyepona hukaa ndani mwezi mzima wa mbalamwezi kabla ya kuchangamana na watu. Aliyekufa huzikwa na mtu aliyewahi kupona, naye huzikwa pembezoni mwa kijiji.

Ukiisoma orodha hiyo mbele ya daktari yeyote wa magonjwa ya kuambukiza, ataona kutengwa kwa mgonjwa, kutumiwa kwa watu wenye kinga, alama za tahadhari, kupunguzwa kwa safari, kipindi cha uangalizi baada ya kupona na mazishi salama. Yote hayo yalikuwapo kabla ya wizara kufika. Mwacholi hakuhitaji kuacha kuwa Mwacholi ili asimguse maiti. Alihitaji kukumbushwa na wazee wake kwamba huu ndio wakati ambao Uacholi wenyewe unamkataza.

Wako watakaosema kwamba hayo yanawezekana kijijini penye kabila moja, lakini mjini watu wamechanganyika. Pingamizi hilo hujibiwa na Monrovia yenyewe. West Point ni mtaa wa makabila mengi, na baada ya karantini kuondolewa vijana na wazee wa mtaa walijipanga kuhesabu kaya, kutafuta wagonjwa mlango kwa mlango na kuita magari ya kubebea wagonjwa. Mtaalamu aliyesimama nao, Mosoka Fallah, alikuwa mtu aliyekulia katika mitaa maskini ya mji huohuo, na alianza kwa kuketi na viongozi wa mitaa na kusikiliza hasira zao kabla ya kuwaomba lolote. Kilichowaunganisha ni kuteka maji pamoja, kuuza samaki pamoja na kudharauliwa pamoja. Uenyeji wa mtaa unaweza kubeba mzigo uleule unaobebwa na ukoo, mradi wenyeji wenyewe wawe wameuitikia.

Njia hii ina upande wake mchungu. Jamii inayojua vizuri nani ni wake hujua pia nani si wake. Huko Gulu baadhi ya waliopona walikataliwa na majirani na vitu vyao vikachomwa moto, na wauguzi waliogopwa kana kwamba wao ndio ugonjwa. Kamati ya wazee ikiwa ya wanaume watupu itawasahau wanaouguza, na wanaouguza ni wanawake: Kivu Kaskazini na Ituri zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana. Mkimbizi, mpangaji mpya, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka mkoa mwingine na mama muuza baa hawana mzee wa kuwasemea. Mwenye kuchagua njia ya wenyeji achukue jukumu la kuwaingiza hao kwa makusudi, tangu kikao cha kwanza, kwa maana hawataingia wenyewe.

Uchague ipi, na wakati gani

Ukizilinganisha njia hizi kwa haraka ya kuanza, amri inashinda, posho inafuata, na njia ya wenyeji inaonekana kuchelewa. Lakini uchelewaji huo ni wa juma la kwanza tu. Ukiuliza ni nani atakayejua kwamba katika nyumba ya tano kutoka kisimani kuna mtu mwenye homa tangu juzi, jibu ni jirani yake, naye atasema au atanyamaza kulingana na anavyomwona yule atakayekuja kumchukua mgonjwa. Na ukiuliza nani atakayekubaliwa kuushika mwili wa marehemu, swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, utakuta kwamba katika kila mfano nilioutaja mambo yaliharibika au yalitengemaa kaburini. Aprili 2020, wakati wa UVIKO-19, mtu mmoja alizikwa usiku wa manane huko Siaya, Kenya, bila jeneza, na hasira ya watu haikuwa juu ya ugonjwa hata kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kiongozi wa mtaa au kijiji ni huu. Iwapo ugonjwa umekwisha kuingia, watu wanasafiri nao, na mahali penyewe hapana kamati wala wazee wanaosikilizwa, kama kwenye kambi mpya ya machimbo au mji wa mpakani unaokua kwa kasi, anza na amri, lakini iwe ya barabara na mikusanyiko tu, itangazwe ikiwa na tarehe ya mwisho, na chakula cha waliofungiwa kitangulie askari. Usiitumie kumtoa mgonjwa nyumbani. Iwapo unao wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa na wakazi na wanaolipwa na serikali, kama zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Kenya mwaka 2023 au wale wa mpango ulioanza Tanzania mwaka 2024, una posho na uenyeji ndani ya mtu mmoja, na itakuwa hasara kubwa kuwapita na kuajiri watu wapya kwa kuwa tu shirika limeleta orodha yake. Walipwe kwa wakati, na wakae mezani maamuzi yanapofanywa.

Katika mahali pengine popote, chagua wenyeji kwanza. Anza na watu wa mazishi: waite waosha maiti wa msikiti, wanawake wa jumuiya ya kanisa, shangazi wa koo, wachimba kaburi wa mtaa, na uwaulize walichokuwa wakifanya mababu tauni au ndui ilipoingia, kwa sababu huenda mlango wa pili wa Waacholi uko pia kwenu na haujafunguliwa siku nyingi. Mwelezane na mganga mkuu wa wilaya ni lipi katika desturi litabaki kama lilivyo, lipi litabadilishwa na lipi litasimama kwa muda, na kila jambo linalosimamishwa lipewe mbadala: tayamamu kwa kuosha, kuuona uso kwa kuugusa, dua ya mbali kwa mkesha. Tangazo litolewe na hao, na daktari asimame pembeni yao akijibu maswali. Pesa zitakazokuja zisomwe hadharani, nani amelipwa nini na kwa kazi gani, kwa kuwa siri ya malipo ndiyo iliyozaa maneno ya biashara kule Butembo.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho huwa hakiingizwi kwenye mipango, nacho ni nani atakayebaki. Ebola inaweza kujificha katika mwili wa aliyepona na kuzuka upya baada ya miezi mingi. Februari 2021 iliibuka tena katika eneo la Butembo, na Oktoba mwaka huohuo ikaibuka Beni. Wataalamu wengi wa kimataifa walikuwa wamekwisha kuondoka. Waliokuwapo ni wauguzi, wafuatiliaji na waliopona wa jimbo lenyewe, watu waliokuwa wakijulikana kwa majina katika mitaa yao, na chanjo ililetwa kwao mapema. Mara ya kwanza waliougua walikuwa 12 na mlipuko ukaisha tarehe 3 Mei. Mara ya pili walikuwa 11, ukaisha tarehe 16 Desemba.